Kuweka programu za nje ya Play Store: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumiaji wa Uganda

Maelezo haya yanahusu hasa simu za Android, maana ndizo zilizo mikononi mwa watu wengi. Simu nyingi hapa nchini huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Kila kampuni hupanga menyu kwa namna yake. Ukikosa kitu mahali tulipotaja, andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Settings.

Ni kitu gani hasa kinachobadilika?

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu yoyote itakayowekwa kwenye simu ya Android yenye cheti chake (yaani iliyopitishwa na Google kutumia huduma zake) lazima iwe imesajiliwa na mtengenezaji aliyethibitisha utambulisho wake, hata kama programu hiyo haitoki Play Store. Kabla ya hapo, aliyelazimika kujitambulisha ni yule aliyetaka kuweka kazi yake Play Store. Aliyegawa faili la APK (faili la kuwekea programu ya Android) kwenye tovuti yake, kwenye kundi la WhatsApp au kwa flash hakuulizwa jina na mtu yeyote.

Tafadhali shika jambo moja hapa: kujua nani ametengeneza programu si sawa na kuikagua programu yenyewe. Mtu anaweza kujisajili kwa kitambulisho halali kisha akatoa kitu kibaya. Anachopoteza ni uwezo wa kufungiwa leo na kurudi kesho kwa jina jingine.

Utaratibu huu utafika Uganda lini?

Google ilipanga kuanza na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand mwezi Septemba 2026. Kwa nchi nyingine zote, Uganda ikiwemo, imetaja mwaka 2027 na kuendelea. Fundi anayekuambia leo kwamba simu yako "imefungwa na sheria mpya" na anataka pesa aifungue, muulize kwanza ni ujumbe gani umeonekana kwenye skrini. Karibu kila mara ni kizuizi cha zamani, na unaweza kukishughulikia mwenyewe.

Je, APK zitapigwa marufuku kabisa?

Hapana. Programu iliyosajiliwa itawekwa kama kawaida, kutoka popote. Ambayo haijasajiliwa bado itaweza kuingizwa kwa kompyuta kupitia zana ya adb, tunayoieleza hapa chini. Baada ya watengenezaji na watumiaji wengi kulalamika, Novemba 2025 Google ilisema pia itaweka njia ya pekee kwa wenye uzoefu, yenye maonyo ya wazi, iliyotengenezwa ili tapeli aliye kwenye laini asiweze kumsukuma mtu aipite kwa haraka.

Kwa maoni yetu malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Simu uliyoinunua kwa pesa zako inapaswa kukubali programu uliyoichagua baada ya kufikiri. Lakini sababu ya kubana, yaani wizi unaopitia kwenye APK, nayo ni ya kweli, na kwa nchi ambayo watu hutunza pesa kwenye laini ya simu, haifai kuipuuza.

Wizi wenyewe hufanyikaje?

Ujumbe huja kwa SMS au WhatsApp: umeshinda zawadi, kuna ajira, mkopo wako umekubaliwa, au "sasisha programu yako ya mobile money". Ndani yake mna kiungo cha kupakua APK. Nembo ni ya njano au nyekundu, rangi unazozijua. Ukishaiweka, programu inaomba ruhusa, na hapo ndipo kila kitu huamuliwa.

Ruhusa ya kusoma SMS huipa namba za uthibitisho zinazotumwa na benki, WhatsApp au barua pepe. Ruhusa ya kusoma arifa hufanya kazi hiyohiyo kwa mlango mwingine. Iliyo mbaya kuliko zote ni Accessibility. Iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na programu ya kweli ya kumsomea kipofu skrini inaihitaji. Mwenye ruhusa hii anaweza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini, kubonyeza vitufe kwa niaba yako, kuchora ukurasa bandia juu ya programu ya benki, na kukurudisha nyuma kila unapojaribu kumwondoa. PIN yako haihitaji kuibwa kwa nguvu. Unaiandika mwenyewe, naye anaisoma.

Ndiyo maana hatuwaambii watu "usiweke APK kamwe". Tunasema angalia inachoomba. Programu ya tochi, ya mkopo, ya mpira au ya kusoma Biblia na Kurani haina sababu hata moja ya kuomba Accessibility. Ikiomba, iondoe palepale. Usisubiri kuona itafanya nini.

Mbona simu yangu inakataa hata sasa?

Kwa sababu vizuizi vimekuwa vikiongezwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ujumbe unaouona hukuambia ni kipi.

"For your security, your phone is not allowed to install unknown apps from this source" ni cha tangu Android 8 ya mwaka 2017. Ruhusa hutolewa kwa kila chanzo peke yake: Chrome yake, WhatsApp yake, Files yake.

"Restricted setting" ilikuja na Android 13. APK iliyotoka nje ya duka haipewi Accessibility wala kusoma arifa hadi ufungue mwenyewe: Settings, Apps, chagua programu, bonyeza nukta tatu za juu, kisha "Allow restricted settings". Chaguo hilo halionekani mpaka kwanza ujaribu kutoa ruhusa na kukataliwa. Ni programu chache mno zinazostahili hatua hii.

Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Android za kale sana inakataliwa kuanzia Android 14. Hiyo haina kitufe cha kuruhusu kwenye simu. Tafuta toleo jipya.

Kwenye Samsung kuna Auto Blocker, ambayo simu za kuanzia One UI 6.1.1 (toleo la mfumo wa Samsung) huja nayo ikiwa imewashwa. Iko Settings, Security and privacy, Auto Blocker. Ikiwa imewashwa, inakataa kila kitu kisichotoka Play Store au Galaxy Store, na pia inazuia amri zinazopita kwenye kebo ya USB.

Kisha kuna Play Protect, kinga ya Google iliyomo ndani ya Play Store. Huchunguza APK wakati wa kuiweka, na katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, imeanza kuzuia moja kwa moja APK zilizopakuliwa kutoka kwenye kivinjari, programu za ujumbe au za mafaili ikiwa zinataka SMS, arifa au Accessibility. Kwenye Android 16 huwezi kuizima ukiwa katikati ya mazungumzo ya simu na mtu ambaye namba yake hukuihifadhi. Mtu akikupigia na kukuelekeza uzime Play Protect, kata simu.

Nifuate hatua gani nikitaka kuweka APK bila kujiumiza?

Chukua faili kwa mwenyewe. WhatsApp hutoa APK yake kwenye whatsapp.com, na watengenezaji wengi wakubwa hufanya vivyo hivyo. Faili lililopitia kwenye makundi matatu limeshapoteza ushahidi wa lilikotoka, hata kama aliyekutumia ni ndugu yako wa damu.

Mtengenezaji akiwa ametoa alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha faili), ilinganishe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt mahali faili lilipo na uandike certutil -hashfile jina.apk SHA256, kwenye Linux ni sha256sum jina.apk. Herufi na tarakimu zote 64 lazima zifanane. Ikitofautiana moja tu, faili limeharibika au limechezewa; lifute.

Toa ruhusa kwa chanzo kimoja tu: Settings, Apps, Special app access, Install unknown apps, kisha chagua Chrome au Files. Acha Play Protect ikiwa imewashwa. Weka programu. Rudi palepale uizime ile ruhusa. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho, na miezi sita baadaye kiungo cha tapeli kinapita bila kuulizwa.

Mwisho fungua Settings, Apps, chagua programu, Permissions, uone imejipatia nini.

Inaniambia "App not installed" na haielezi sababu. Tatizo ni nini?

Sababu ya kawaida zaidi ni saini. Kila APK husainiwa kwa ufunguo wa mtengenezaji, na simu haikubali kuweka toleo jipya juu ya la zamani ikiwa ufunguo ni tofauti. Ukikutana na hali hiyo kwa programu uliyoichukua Play Store na sasa unataka kuisasisha kwa APK ya mtaani, simu inakulinda: mtu mwingine amesaini. Usifute ile nzuri ili mbaya iingie.

Sababu nyingine ni nafasi. Simu za hifadhi ya GB 16 au 32 hujaa haraka, na kuweka programu kunahitaji nafasi zaidi ya ukubwa wa faili lenyewe. Acha walau GB 1 wazi. Kisha angalia aina ya kichakataji. Simu nyingi za bei nafuu huendesha mfumo wa biti 32, na APK iliyoandikwa arm64-v8a haitaingia. Tafuta iliyoandikwa armeabi-v7a. Faili linaloishia .xapk au .apks ni furushi la vipande kadhaa, halifunguki kwa kubonyeza tu. Na kama bando liliisha katikati ya kupakua, faili ni nusu. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye tovuti.

Vipi kuhusu GB WhatsApp?

Iache. Ni nakala ya WhatsApp iliyobadilishwa na watu wasiojulikana, na unawakabidhi mazungumzo yako yote, picha na namba za ndugu zako. WhatsApp yenyewe hufungia kwa muda akaunti zinazotumia programu zisizo rasmi, na mwenye kuendelea anaweza kufungiwa moja kwa moja. Ukitaka kurudi kwenye ile halisi, hamisha kwanza picha na mafaili unayoyahitaji, maana si kila mara mazungumzo ya zamani yatafunguka upande wa pili.

Na programu za mikopo na za kubeti?

Play Store hairuhusu programu za mikopo ya watu binafsi kusoma orodha ya namba zako au picha zako. Mkopeshaji anayekutumia APK pembeni mara nyingi anakwepa katazo hilo: anataka namba za mama mkwe, bosi na mchungaji ili akuaibishe ukichelewa kulipa. Kabla ya kukopa, uliza kama ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mikopo Midogo, UMRA. Programu ikikataa kufunguka mpaka uipe Contacts, jibu umeshalipata.

Kampuni nyingi za kubeti hutoa APK kwenye tovuti zao. Zichukue hapo tu, na uzinyime SMS na Contacts. Kuweka pesa hakuhitaji programu kusoma SMS zako. Ombi la malipo hutokea kwenye laini yako nawe unaandika PIN.

Wakati wa uchaguzi Play Store ilisumbua. Nijiandaeje?

Januari 2021, kuelekea uchaguzi, Facebook na mitandao mingine ya kijamii ilifungwa, Play Store nayo ikasumbua, kisha intaneti yote ikazimwa. Januari 2026 intaneti ikazimwa tena. Katika siku kama hizo watu hugawiana APK za VPN (programu za kupita vizuizi vya mtandao) kwa Bluetooth na Xender, na hapo ndipo mafaili mabovu husambaa kama moto wa kiangazi.

Weka unachohitaji mapema, mtandao ukiwa mzima. VPN huona sehemu zote unazotembelea, kwa hiyo ya bure isiyo na mwenyewe anayejulikana ni hatari kuliko kukaa bila VPN. Proton VPN ina mpango wa bure na msimbo wake uko wazi. Na ujue kwamba intaneti ikizimwa kabisa, VPN haifufui kitu.

F-Droid ni nini, na kwa nini imo kwenye mjadala huu?

Ni duka la programu huria, yaani ambazo msimbo wake uko wazi, lililoanza mwaka 2010. Hukusanya msimbo wa mtengenezaji, huujenga wenyewe na mara nyingi kuusaini kwa ufunguo wa F-Droid. Hapo ndipo utaratibu mpya unapogongana nalo: usajili unataka kila programu iwe na mmiliki mmoja aliyejitambulisha kwa ufunguo wake, na watu wengi wanaoandika programu hizi kwa kujitolea hawataki au hawawezi kupeleka kitambulisho Google. Septemba 2025 F-Droid walisema hadharani kwamba mpango huo unaweza kuwamaliza. Tunaliona hili kuwa hasara kubwa zaidi ya mpango mzima, kwa sababu humo mna programu safi, ndogo, zisizo na matangazo, zinazofaa hasa simu zenye RAM ya GB 2.

Nitumieje kompyuta kuweka APK?

Pakua platform-tools, furushi lenye zana ya adb, kutoka tovuti ya Android Developers na uifungue kwenye folda. Kwenye simu nenda Settings, About phone, bonyeza Build number mara 7, kisha rudi uingie Developer options na uwashe USB debugging. Unganisha kebo. Kwenye kompyuta, ndani ya folda ile, andika adb devices. Simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, kubali. Kisha andika adb install jina.apk.

Orodha ikiwa tupu, badilisha kebo kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine: nyingi za barabarani zina nyaya za chaji peke yake. Ikisema unauthorized, hujabonyeza kukubali kwenye simu. Xiaomi na Redmi zinahitaji pia kuwasha "Install via USB", na mara nyingi hudai akaunti ya Mi na laini ndani ya simu. Ukimaliza, zima USB debugging. Usiiache ikiwa wazi halafu ukachaji simu kwenye kibanda cha watu.

Nimetengeneza programu ya SACCO yetu na wanachama huipata kwa APK. Nifanye nini?

Anza sasa, usingoje 2027. Amua kama utajisajili kama mtu binafsi au taasisi. Mtu binafsi hutoa jina la kisheria, anwani, barua pepe, simu na kitambulisho. Taasisi huhitaji namba ya D-U-N-S (namba ya kimataifa ya kutambulisha taasisi), ambayo ni bure lakini inaweza kuchukua hadi siku 30, kwa hiyo hakikisha jina kwenye hati ya URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, ni lilelile utakaloandika, herufi kwa herufi. Ada ya usajili ni dola 25, takriban shilingi 90,000. Wanafunzi na wanaojifunza wameahidiwa akaunti ya bure inayoruhusu programu kuwekwa kwenye idadi ndogo ya simu.

Kisha utathibitisha umiliki wa jina la kifurushi (jina la pekee linaloitambulisha programu ndani ya Android) na ufunguo wa saini. Alama ya ufunguo utaiona kwa amri apksigner verify --print-certs jina.apk. Tunza faili la ufunguo mahali pawili tofauti, na neno lake la siri mahali pa tatu. Likiishi kwenye laptop ya kijana mmoja na laptop ikaibiwa, hakuna mwanachama atakayepata toleo jipya juu ya la zamani. Wote watalazimika kufuta na kuanza upya. Kama programu hukusanya taarifa za wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu pia; jisajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi.

Simu yangu ni Huawei, au haina Play Store. Naguswa?

Utaratibu unahusu simu zenye cheti cha Google. Huawei mpya zisizo na huduma za Google haziguswi. Kujua hali ya yako, fungua Play Store, bonyeza picha yako, Settings, About, uangalie "Play Protect certification". Simu bandia ikisema haina cheti, usiione kama bahati. Benki nyingi hukataa programu zao zifanye kazi humo.

Na iPhone?

Maduka mbadala ya iPhone yaliruhusiwa Umoja wa Ulaya tangu iOS 17.4, Machi 2024. Uganda bado ni App Store. Kwa Apple ID ya bure unaweza kusaini programu kwa kompyuta, lakini huisha baada ya siku 7.

Nimeshaweka programu mbaya. Nifanye nini sasa hivi?

Washa Airplane mode na uzime Wi-Fi. Azima simu ya mtu aliye kwenye mtandao wako, piga 100, uwaombe MTN au Airtel wafunge akaunti yako ya pesa. Piga na benki. Fanya hivi kabla ya kugusa programu, kwa sababu pesa zikishahamishwa mara mbili tatu na kutolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu mno.

Kisha ingia Safe mode: shika kitufe cha kuzimia, halafu bonyeza na kushikilia "Power off" mpaka iulize. Humo programu za nje hazifanyi kazi, kwa hiyo haiwezi kukurudisha nyuma. Nenda Settings, Accessibility, uizime. Tafuta "Device admin apps" uiondoe kwenye orodha. Sasa ifute. Usipoiona kwa jina, tafuta isiyo na nembo au inayojiita kitu kama "System update" ilhali ipo kwenye orodha ya programu zinazofutika.

Hifadhi picha na namba zako, kisha rudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Usirudishe APK yoyote kutoka kwenye hifadhi ya zamani. Badilisha PIN na maneno ya siri ukitumia simu nyingine. Kwenye WhatsApp angalia Linked devices, toa usivyovijua, uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Peleka kitambulisho cha taifa kwenye kituo cha huduma cha mtandao wako ili akaunti ifunguliwe, na kama pesa zimekwenda, toa taarifa polisi ukiwa na namba ya muamala, saa na kiasi. Usifute SMS ya tapeli. Ipige picha ya skrini kabla hujasafisha simu, na uitume kwa mtu unayemwamini akutunzie.